Mbegu za Moshi wa Nyika Zimegoma Kuota

SWALI: Bwana Mhariri, salamu. Dada yangu anayeishi Minnesota, Marekani, aliniletea mbegu za ua la mwituni ambalo huko huliita moshi wa nyika, akaniambia kuwa ni jamaa ya waridi. Nilizipanda katika mkebe wa maziwa nilioutoboa chini, nikawa nazimwagilia asubuhi na jioni, na huu ni mwezi wa pili sijaona hata chipukizi. Je, zimeharibika? Na likichanua, litafaa kutiwa kwenye kikuba?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Ndugu msomaji, yamkini mbegu zako ni nzima, ila zimelala. Ua hilo, ambalo jina lake la kitaalamu ni Geum triflorum, asili yake ni Amerika Kaskazini, ambako mbegu zinazodondoka wakati wa joto hupitiwa na theluji kwanza ndipo ziote. Kwetu Mombasa, hata usiku wa Julai joto hubaki karibu na nyuzi 20, kwa hiyo mkebe wako unazibembeleza tu. Zilizobaki zichanganye na mchanga wa mto ulioloweshwa kidogo (wa ufuoni una chumvi), uzitie katika kopo lenye kifuniko na kuziweka ndani ya friji, si kwenye barafu, kwa wiki sita, kisha uzipande juujuu.

Hata zikiota, usitarajie makubwa. Mmea huu huishi miaka mingi pale unapopata baridi kali kila mwaka na udongo usiotuamisha maji. Joto letu na mvua za masika huenda vikauozesha mizizi kabla haujachanua.

Kwenye kikuba hauwezi kushindana na asumini, kwani hausifiwi kwa harufu. Uzuri wake ni wa macho: maua ya rangi ya waridi iliyokolea, kwa kawaida matatu katika kikonyo kimoja, huchanua yameinamisha vichwa kama bi harusi, na yakishachavushwa huinuka na kutoa nyuzi za manyoya zenye urefu wa hadi sentimita 5, ambazo kwa mbali hufanana na moshi.

Kenya pia ina jamaa za waridi za asili, lakini nazo, kama mwiria na alkemila za Mlima Kenya, zimeshikilia nyanda za juu.

Dada yako akitaka kuleta mbegu nyingine, omba kwanza kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea nchini Kenya, naye aje na cheti cha afya ya mimea kutoka huko.