Umelinganishwa na Nani? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Vinasaba na Vijidudu vya Tumboni

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wenye ripoti mkononi: vinasaba vilivyosomwa kwenye mate, au mikrobiomu, yaani jamii ya vijidudu vya tumboni, iliyosomwa kwenye kinyesi. Tumechagua sita. Barua tumezifupisha, majibu hatukuyafupisha sana.

Nilipima vinasaba. Ripoti inasema kwa kisukari cha aina ya 2 niko "nafasi ya 90". Mume wangu anasema maana yake nina asilimia 90 ya kuugua. Tangu siku hiyo silali vizuri. — Mama wa wawili

Pole, mama, na leo ulale. Nafasi ya 90 siyo asilimia 90. Maana yake ni kwamba watu 100 wakipangwa mstari kuanzia mwenye alama ndogo ya hatari hadi mwenye kubwa, wewe una kama watu 90 nyuma yako. Mstari huo peke yake hausemi wangapi kati yao wataugua. Ili ujue hilo unahitaji namba mbili: hatari ya kawaida kwa watu wa umri na jinsia yako, na imeongezeka mara ngapi kwa wenye alama kama yako. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme kati ya watu 100 wanaofanana nawe, 10 huugua katika kipindi fulani, na alama yako huzidisha hatari mara moja na nusu. Jibu ni 15 kati ya 100. Waliobaki 85 hawaugui, ingawa wote wana alama kubwa kama yako.

Sasa uulize swali la pili, ambalo sisi tunaliona kubwa zaidi: mstari huo ni wa watu gani? Alama ya namna hii hujumlisha athari ndogondogo za maelfu ya sehemu za DNA, na athari hizo zilikadiriwa kwa watu waliokuwa kwenye tafiti. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu asilimia 79 ya washiriki wa tafiti hizo walikuwa wenye asili ya Ulaya. Kwa mtu mwenye asili ya Afrika usahihi wa alama hushuka sana, na sababu yake inaeleweka. Sehemu ya DNA inayopimwa mara nyingi siyo yenye kosa. Ni jirani tu wa sehemu yenye kosa, na mtafiti anategemea kwamba wawili hao hurithiwa pamoja. Jamii za Afrika ni kongwe, DNA yao imechanganywa kwa vizazi vingi zaidi, vipande vinavyorithiwa pamoja vimekuwa vifupi, na jirani ameshatenganishwa na mwenye kosa. Kipimo kinamwona jirani kinadhani kimemwona mwenyewe.

Kwa hiyo nenda ukapime sukari yenyewe. HbA1c, kipimo cha sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, ikiwa asilimia 6.5 au zaidi ni kisukari, 5.7 hadi 6.4 ni dalili ya kuelekea huko. Ila kuna mtego hapa, na unatoka kwenye vinasaba vilevile. Kwa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, chembe hizo huishi muda mfupi, hazipati nafasi ya kukusanya sukari, na HbA1c husoma chini wakati sukari iko juu. Ukiwa na upungufu huo, au una seli mundu, mwambie daktari na uombe kipimo cha sukari kabla ya kula: 7.0 mmol/L na kuendelea, ikithibitishwa mara ya pili, ni kisukari.

Nimekubali kushiriki utafiti wa mikrobiomu. Nimepewa kichupa cha kuwekea choo na karatasi ya maelekezo nisiyoielewa. Naogopa kuharibu. — Msomaji kijana

Kuogopa huko ni kwema, kwa sababu sampuli nyingi huharibikia hapa, kabla hazijafika maabara.

Kojoa kwanza, halafu tandaza karatasi au chombo kisafi juu ya choo ili kinyesi kisiguse maji, mkojo wala dawa ya kusafishia. Vaa glavu. Fungua kifuniko, utaona kijiko kidogo kimeshikamana nacho kwa ndani. Usimwage kimiminika kilichomo, maana ndicho kinachohifadhi DNA. Chota vipande vidogo sehemu tatu au nne tofauti, pamoja na ndani, kwa sababu vijidudu vya juu, palipoguswa na hewa, si sawa na vya katikati. Vyote pamoja vitoshe kama punje ya harage, isipokuwa maelekezo yako yametaja kipimo kingine. Watu wengi hujaza kichupa wakidhani wanasaidia. Kinyesi kikizidi, kimiminika hakipenyi, na bakteria walio katikati ya donge wanaendelea kuzaana njiani. Hasa jamii ya Escherichia, ambao huvumilia hewa, huongezeka kwenye joto la chumba. Mtafiti atawaona wengi asijue kwamba wamezaliwa ndani ya mfuko wako. Funga kwa nguvu, kisha tikisa kwa nusu dakika hadi usione donge likigonga ukuta wa kichupa. Andika tarehe na saa palepale.

Kama kichupa hakina kimiminika, sampuli inatakiwa igande haraka na isiyeyuke hadi ifike. Jihadhari na friza za nyumbani zinazojiyeyushia barafu zenyewe: zina vipindi vya kupanda joto, na kila kuyeyuka na kuganda upya hupasua seli za bakteria. Iweke ndani kabisa, mbali na mlango. Maabara huihifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.

Kisha jaza fomu kwa ukweli wote. Antibiotiki ulizomeza miezi sita iliyopita, taja. Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, taja, kwani asidi hiyo ikipungua bakteria wa kinywani huteremka hadi utumbo mpana. Metformin, dawa ya kisukari, taja kwa herufi kubwa. Mwaka 2015 ilibainika kwamba sehemu ya kile kilichodhaniwa kuwa alama ya kisukari cha aina ya 2 kwenye mikrobiomu ilikuwa alama ya dawa hiyo. Na ukiulizwa kinyesi kilikuwa kigumu au laini, kwa ile chati ya Bristol ya aina 1 hadi 7, usione haya. Ugumu huonyesha kimekaa tumboni muda gani, na muda huo hubadilisha jamii ya bakteria kuliko mambo mengi tunayohangaika nayo.

Niligawa sampuli moja, nikapeleka kampuni mbili. Moja imesema nina Bifidobacterium asilimia 9, nyingine 2. Nani mwongo? — Fundi wa umeme

Inawezekana hakuna. Fuata njia ya sampuli, kaka. Kwanza seli hupasuliwa ili DNA itoke. Bifidobacterium wana ukuta mnene. Maabara isiyowatikisa kwa nguvu pamoja na vishanga vidogo vigumu itawaacha wengi hawajapasuka, nao watahesabiwa kama hawapo. Pili, kuna wanaosoma jeni moja tu, 16S, yenye herufi kama 1,500, na mara nyingi husoma kipande chake kifupi. Nakala za jeni hiyo si sawa kwa kila bakteria: mmoja ana 1, mwingine 10 au zaidi, kwa hiyo mwenye nakala nyingi huonekana mwingi kuliko alivyo. Wengine husoma DNA yote iliyomo. Hapo aina hutambulika vizuri zaidi, na hata jeni za usugu wa dawa huonekana. Tatu, kila kampuni ina orodha yake ya majina ya kulinganishia.

Lakini kosa tunalokutana nalo zaidi linamhusu msomaji wa ripoti. Asilimia siyo idadi. Fikiria tumbo lenye bakteria A 100 na B 300: A ni asilimia 25. Dawa ikiua B 200, wanabaki A 100 na B 100, na ripoti itatangaza A amepanda hadi 50. A hakuongezeka hata mmoja. Ukitaka kufuatilia tumbo lako kwa miezi, baki na kampuni moja, njia moja, kichupa cha aina moja, na usiilinganishe na ya jirani. Kama ripoti inakupa alama moja ya "afya ya utumbo", waulize imepimwa dhidi ya watu gani. Hakuna mikrobiomu moja iliyokubaliwa kuwa ndiyo ya mtu mzima wa afya.

Dada yangu ana saratani ya matiti akiwa na miaka 38. Mimi nimepima BRCA, jeni zinazohusishwa na saratani ya matiti, kwa mate nyumbani, majibu ni "hakuna kilichopatikana". Nimepona? — Mdogo wake

Bado hujajua, dada. Baadhi ya vipimo vya nyumbani hutafuta mabadiliko machache tu ya BRCA1 na BRCA2, yakiwemo yale matatu yanayojulikana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, wakati mabadiliko yanayodhuru kwenye jeni hizo mbili ni maelfu. Anza na dada yako. Apimwe yeye kwanza, jeni zote mbili zisomwe kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na nyingine kama PALB2. Likipatikana kosa kwake, wewe utatafutiwa hilohilo, na hapo jibu la "huna" litakuwa na uzito. Asipopatikana na kitu, kukosa kwako hakukuondolei hatari ya ukoo. Panga uchunguzi wa matiti na daktari mapema kuliko kawaida.

Jibu linaweza pia kusema "badiliko lisilojulikana maana". Hilo hutokea zaidi kwa watu ambao jamii zao hazijasomwa vya kutosha. Mtu asikatwe titi kwa jibu hilo. Rudi uulize baada ya mwaka au miwili, kwa sababu mengi huja kuhamishwa kwenda upande wa yasiyo na madhara.

Kuna ugonjwa wowote ambao jeni na bakteria wanashirikiana, au ni maneno ya semina? — Mwalimu wa sayansi

Upo, na ni mfano tunaoupenda kwa sababu una la kufanya ndani yake. Bakteria aitwaye Helicobacter pylori hukaa kwenye tumbo la chakula; tangu 1994 ameorodheshwa kuwa kisababishi cha saratani, na Barry Marshall na Robin Warren walipata Nobel ya 2005 kwa kumgundua na kuonyesha kwamba ndiye huleta vidonda vya tumbo. Maambukizi yake huchangia kukatika kwa nyuzi zote mbili za DNA kwenye seli za tumbo. BRCA1, BRCA2, ATM na PALB2 ni jeni za mafundi wanaounga DNA iliyokatika namna hiyo. Utafiti mkubwa wa Japani uliochapishwa 2023 ulipima yote mawili pamoja. Kufikia umri wa miaka 85, wenye bakteria lakini jeni nzima walikadiriwa kuwa na hatari ya saratani ya tumbo ya asilimia 14.4, wenye bakteria na jeni mbovu, 45.5. Wasio na bakteria, hata wakiwa na jeni mbovu, walikuwa chini ya 5.

Jeni huwezi kuibadilisha. Bakteria huyo anatibika. Mpime kwa pumzi au kwa kipimo maalumu cha kinyesi. Acha omeprazole na jamaa zake wiki 2 kabla, na antibiotiki wiki 4 kabla, kwa makubaliano na daktari wako, la sivyo kipimo kinaweza kumkosa. Baada ya matibabu pima tena, si chini ya wiki 4 baadaye, maana usugu wa dawa ni wa kawaida. Ripoti ya mikrobiomu usiitegemee kwa hili: anaishi tumboni juu, na kwenye kinyesi DNA yake ni kidogo mno.

Utafiti wanataka kinyesi tu, damu sitoi. Kwa hiyo DNA yangu hawaipati, sivyo? — Mstaafu

Wanaipata, mzee wetu. Seli za utumbo hubanduka kila siku na kutoka na kinyesi, na maabara ikisoma DNA yote iliyomo, vipande vyako vimo. Kwa kawaida watafiti huvichuja kwa kompyuta kabla ya kuweka data hadharani, lakini omba waandike hivyo kwenye fomu ya ridhaa. Hapohapo uliza mambo mengine manne. Sampuli itatunzwa miaka mingapi? Je, itaweza kutumwa kwa watafiti wengine? Wakikuta jambo la kutibika, watakuambia? Na ukijitoa, kitafutwa nini? Data iliyokwisha kuchapishwa hairudishwi, ila kichupa kilichobaki kwenye friza kinaweza kuharibiwa. Watoto na ndugu zako wanashiriki nusu ya DNA hiyo, hivyo waambie kabla hujatia sahihi.