Komiki yangu imepewa gredi kubwa, na mimi naijua kasoro yake: niuze?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wangu, mimi ni kijana wa Malindi, nakaa Barani. Huu mwaka wa tatu riziki yangu inatoka kwenye vitabu vya katuni vya zamani, wenyewe tunaviita komiki. Nilianza kwa kununua sanduku moja katika nyumba ya mzee wa Kiitaliano aliyefariki, mwanawe alikuwa akiuza vitu vyote kabla ya kurudi kwao. Ndani mlikuwa na komiki za Kimarekani za miaka ya 1960 na 1970. Nilipojua thamani yake nikaanza kuzipeleka Marekani kwa kampuni inayozikagua, ikazipa gredi na kuzifungia ndani ya kasha la plastiki. Sasa na watu wengine, wa hapa, wa Mombasa na wa Nairobi, hunipa zao nizipeleke.

Yananikosesha usingizi mambo matatu. Komiki yangu moja imerudi na gredi 9.2 na lebo ya buluu, yaani haikukarabatiwa. Lakini yule mtoto wa mzee aliniambia kwa kinywa chake kwamba babake alikuwa akigusia jalada kwa kalamu pale rangi ilipobanduka, na mimi nilipolifunua niliona upande wa ndani, karibu na pini ya juu, doa jeusi dogo kama punje ya mtama, wino ulipopenya. Wakaguzi hawakuliona. Je, naweza kuuza kwa gredi hiyo, maana wao ndio wataalamu na mimi sikusema uongo? Pili, nyingine nilizipiga pasi kunyoosha mikunjo kabla ya kuzipeleka. Tatu, wateja nawatajia ada ya kampuni kubwa kuliko ilivyo, ziada naichukua kwa usumbufu wangu. Na wakiniuliza gredi imepatikanaje, huwajibu tu kuwa kampuni ndiyo imesema. Nifanyeje?

JIBU

Wa alaykumu-s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, hilo doa hakuna aliyekulazimisha unitajie. Ulikuwa unaweza kuniuliza habari ya pasi peke yake ukalala. Kwa hiyo nitaanza na doa.

Kwanza niwaeleze wasomaji wasioijua biashara hii. Thamani ya kitabu cha katuni cha zamani iko katika hali yake: pini kama zimeshika kutu, kona kama zimechakaa, ukurasa kama umekatwa, jalada kama limepauka kwa jua. Zamani muuzaji alisema chake ni kizuri, mnunuzi akasema si kizuri, wakavutana. Mwaka 2000 kampuni moja ya Florida, Certified Guaranty Company, ambayo watu huiita CGC, ilianza kazi ya kusimama katikati. Kitabu kinapelekwa, wakaguzi wanakitazama, wanahesabu kurasa, wanatafuta alama za kukarabatiwa, wanakipa namba kuanzia 0.5 hadi 10, kisha kinafungwa ndani ya plastiki ngumu pamoja na lebo na namba ya cheti. Lebo ya buluu ni ya kitabu cha kawaida. Ya zambarau ni ya kile kilichokarabatiwa, kwa mfano kupakwa rangi au kuongezwa karatasi, na bei yake huanguka vibaya. Nakala ya Action Comics namba 1, iliyouzwa senti 10 mwaka 1938, ilinunuliwa mwaka 2024 kwa dola milioni 6 ikiwa na gredi 8.5. Anayetoa pesa kama hizo hawezi kukifungua akapekua kurasa, kwani akikifungua tu gredi imekufa. Ameliamini neno la aliyekifunga.

Basi gredi ni ushahidi. Mkaguzi anashuhudia mbele ya mtu asiyemjua juu ya kitu ambacho mtu huyo hawezi kukishika. Tukilijua hilo, majibu yako yote yanapatikana, kwa sababu ushahidi dini yetu imeuzungumzia kwa urefu.

Wewe unasema: wao ndio wataalamu, wameshahukumu. Sikiliza hadithi ya Bibi Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) aliwaambia watu waliokuwa wakimletea mashtaka kwamba yeye ni binadamu, na huenda mmoja wao akawa hodari wa kutoa hoja kuliko mwenzake, naye akamhukumia kwa yale anayoyasikia, basi yeyote atakayekatiwa haki ya nduguye asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Tafakari ni nani anayesema hivyo. Hukumu iliyotoka katika ulimi wa Mtume wa Mwenyezi Mungu, kwa ushahidi wa dhahiri, haiwezi kuigeuza haramu kuwa halali kwa mtu anayeujua ukweli wa ndani. Itakuwaje hukumu ya mkaguzi wa Florida aliyekitazama kitabu chako kwa muda kisha akashika kingine? Yeye hakuona, ana udhuru wake. Wewe uliona. Lebo ya buluu ni udhuru wake, haiwezi kuwa wako.

Na usiseme "mimi sikusema uongo". Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vyake vikapata unyevu. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua. Akamwambia: kwa nini hukukiweka juu watu wakakiona? Mwenye kughushi si katika mimi. Imepokewa na Muslim. Yule bwana hakutamka neno la uongo. Aliacha tu kilicho kikavu kikae juu. Doa lako lililo upande wa ndani wa jalada, ndani ya plastiki, ni unyevu ulio chini ya lundo.

Nitakusimulia kisa ambacho huwasomea wanafunzi wangu kila tukifika mlango wa biashara. Imam Ghazali amekitaja. Sahaba Wathila bin al-Asqa alikuwa amesimama mahali, mtu akauza ngamia wake kwa dirhamu 300. Wathila alikuwa ameghafilika, alipogutuka mnunuzi ameshaondoka na ngamia. Akamkimbilia akimwita: umemnunua kwa nyama au kwa kupanda? Akajibu, kwa kupanda. Akamwambia, katika unyayo wake mna tundu nimeliona, safari ndefu haiwezi. Mnunuzi akarudi, akapunguziwa dirhamu 100. Muuzaji akalalamika kwamba ameharibiwa biashara yake. Wathila akamjibu kuwa wao walimpa Mtume ahadi ya kumtakia heri kila Muislamu, na kwamba alimsikia akisema si halali kwa mtu kuuza kitu bila kubainisha kilichomo, wala si halali kwa anayekijua kunyamaza. Wathila hakuwa muuzaji, wala hakuwa na senti katika ngamia yule. Ilimtosha kwamba ameliona tundu.

Kwa hiyo hukumu ya komiki yako: unaweza kuiuza, lakini useme. Andika katika tangazo lako, kwa lugha anayoielewa mnunuzi, kwamba jalada liligusiwa kwa kalamu na mmiliki wa kwanza, na kwamba uliona alama ya wino upande wa ndani karibu na pini ya juu. Bora zaidi uirudishe kwa kampuni, uwaeleze ulichokiona, waitazame upya hata kama itarudi na lebo ya zambarau. Na mnunuzi akiwa Mmarekani asiye Muislamu, hukumu ni hiyo hiyo. Kughushi hakuna ruhusa kwa mtu yeyote.

Usijifunike na maneno ya ukutani, "mali ikiuzwa hairudishwi". Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli iliyo na nguvu ni kwamba sharti la muuzaji kujitoa katika ila, yaani kusema hahusiki na kasoro yoyote, halimtoi isipokuwa katika ila ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Kitabu si mnyama, na ila umeijua.

Kuna msomaji atauliza kama biashara ya kitu kilichofungwa hivi inasihi, maana mnunuzi hauoni undani. Wanazuoni wetu wameruhusu kutosheka na kuona ganda pale ganda linapokuwa ndilo linalokihifadhi kitu, kama komamanga na yai. Na Imam Nawawi katika kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, ametaja jambo ambalo mtu wa pwani atalifurahia: mwenye kununua nazi, akaivunja, akaikuta mbovu, anayo haki ya kuirudisha, wala halipi kitu kwa kule kuivunja, kwa sababu ubovu wake haujulikani ila kwa kuvunjwa. Mimi naona kasha la plastiki lina hukumu ya fuu la nazi. Mnunuzi wako akilivunja akalikuta lile doa uliloficha, akurudishie kitabu chako na plastiki yake iliyopasuka, nawe umrudishie pesa zake kamili.

Sasa tuje kwa huyo shahidi mwenyewe, maana wateja wako wana haki ya kuuliza gredi imepatikanaje, nawe unawafungia mlango.

Nilipokuwa kijana hapa Lamu, mama yangu alinituma kwa sonara mmoja mtu mzima na bangili yake moja, aijue ni dhahabu ya karati ngapi. Yule mzee aliisugua juu ya jiwe lake jeusi, ikaacha mstari mwembamba wa manjano. Akasugua kando yake kipande chake cha dhahabu anachokijua. Akadondoshea dawa juu ya mistari miwili. Kisha hakuniambia jibu. Aliligeuza lile jiwe akalisukuma kwangu, akasema, "Tazama mwenyewe, upi umefifia?" Na mizani alipoiweka, uso wake ulikuwa umeelekea kwangu. Mwisho akaniambia: "Mwambie mama, mimi nimepima, sinunui. Akitaka kuuza aende kwa mwengine." Sikumuelewa siku ile. Nilimuelewa nilipokuwa mwanafunzi, tuliposoma kwamba ushahidi wa mtu anayejivutia manufaa haukubaliwi.

Hayo ndiyo ya kuitafuta kampuni kwayo. Je, inakuonyesha jiwe lake? Wakaguzi wameandika waliyoyaona, kona ipi, mkunjo upi, au ni namba tu? Je, anayepima ananunua? CGC yenyewe imewakataza wakaguzi wake kufanya biashara ya komiki, na sharti hilo ni zuri, hata likiwa limewekwa na watu wasiosoma fiqhi yetu. Tena je, ikikosea husema? Mwishoni mwa mwaka 2023 iligundulika kwamba kulikuwa na mtu aliyeitumia huduma ya kubadilishiwa kasha kuingiza vitabu duni ndani ya makasha yenye lebo za vitabu bora. Wenye vitabu walitaharuki, na walikuwa na haki. Kampuni ilitangaza orodha ya mamia ya namba za vyeti zinazotiliwa shaka ili watu wakague zao. Kosa lilikuwa kubwa, na wengine walisema lilichelewa kuonekana. Lakini kutaja namba moja moja hadharani ndiko kurejea kwa shahidi, na shahidi anayejirekebisha mbele za watu anastahili kusikilizwa tena kuliko anayeng'ang'ania.

Wewe nawe, mteja akikuuliza, mpe maelezo ya wakaguzi yakiwepo. Yasipokuwepo, mwambie wazi kwamba kampuni haikueleza, ajue anachokiamini ni kiasi gani. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Baqara kwamba anayeuficha ushahidi moyo wake umeingia dhambini.

Habari ya pasi ni nyepesi. Kunyoosha karatasi pasipo kuongeza wala kupunguza kitu ni kama kukunjua kanzu iliyokaa sandukuni. Kampuni hizo hazihesabu kuwa ni ukarabati, na wanunuzi wa biashara hiyo wanajua kwamba hufanywa. Ukiulizwa, sema.

Ada ndiyo nzito. Wewe ni wakala, na mali ya watu mkononi mwako ni amana. Ungewaambia, "Ada ya kampuni ni kiasi hiki, na ujira wangu kiasi hiki," ungeweza kutaja ujira wowote, wakakubali au wakaondoka, na ungekula halali. Lakini kuwaambia kampuni inataka ambacho haikukitaka ni uongo juu ya mtu asiyekuwepo, na ziada uliyoichukua kwa uongo huo bado ni yao. Usumbufu wako ni wa kweli, najua safari za posta na kodi ya forodha, ila ulipwe kwa jina lake.

(Utaniuliza pia habari ya picha za viumbe zilizomo ndani ya vitabu hivyo. Wanazuoni wamehitilafiana katika picha za kuchorwa karatasini. Zenye uchafu na utupu usiziguse wala usizipeleke kwa ajili ya mtu. Mengine nitayajibu pekee, yana urefu wake.)

Kwa hiyo leo baada ya Isha chukua daftari lako, andika jina la kila aliyekupa komiki na kiasi ulichomzidishia. Anza na walio karibu hapo Malindi, uende kwa miguu yako, umwambie kila mmoja ukweli na umpe chake. Atakayesamehe amesamehe kwa kujua. Wa Mombasa na Nairobi watumie kwa simu, na ujumbe unaoeleza pesa hizo ni za nini. Usiyempata mtafute, na ukikata tamaa kabisa ya kumpata yeye na warithi wake, ndipo uzitoe sadaka kwa niaba yake. Na ile ya 9.2 iondoe sokoni kwanza mpaka umeandika habari ya doa.

Wallahu aalam.