Hedhi imechelewa baada ya safari, je ni ndege?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi nauza nguo pale soko la Kikuubo, Kampala, juzi juzi nlikuwa Guangzhou kuchukua mzigo, nimerudi na sasa siku zangu zimepitiliza wiki nzima bila kitu na mimi huwa haziruki. Jirani wa dukani anasema ati ndege ikipanda juu damu inaganda tumboni, ninywe mitishamba ya kuishusha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo mitishamba usiinywe hata kijiko, nitakwambia kwa nini. Damu ya hedhi haigandi tumboni kwa ajili ya ndege, kinachochelewa ni yai. Yai likishatoka, hedhi inakuja baada ya kama wiki mbili hivi, na hizo wiki mbili huwa hazibadiliki sana, ila siku za kabla yai halijatoka ndo zinavutika, kwa hiyo yai likichelewa siku sita na damu nayo inachelewa siku sita.

Sasa nani analichelewesha? Ni ubongo. Ndani yake kuna saa inayofuata mwanga na giza, na iko karibu kabisa na sehemu inayotuma homoni za kuamsha mayai. Guangzhou wako mbele yetu saa 5, yaani wao wakiamka saa kumi na mbili asubuhi mwili wako unajua ni saa saba usiku, na mwili unajirekebisha kama saa moja tu kwa siku, tena ukielekea mashariki ndo unasumbuka zaidi. Na nyie wa mizigo nawajua, mnatembea sokoni kutwa, hamli vizuri, mawazo yote yako kwenye pesa na kontena, mwili ukianza kuzoea mnapanda ndege ya kurudi! Hiyo stress peke yake inatosha kuchelewesha yai. Lakini kama ulisafiri yai likiwa limeshatoka, mara nyingi hedhi inakuja tu kwa siku yake, ndo maana safari ile ile mwezi huu inakuvuruga na mwingine haikugusi.

Wale wa basi la usiku la Nairobi wataniuliza, mbona saa ni zile zile? Ni kweli, saa hazibadiliki, ila usingizi hamna, na mwili unataka usingizi. Manesi wa zamu za usiku nao wanalijua hili.

Ila mwanangu, usiisingizie ndege kabla hujapima mimba. Nenda famasi yoyote nunua kipimo, tumia mkojo wa asubuhi, kikikataa na damu bado haijaja rudia baada ya wiki. Na ndo sababu nimekataa hiyo mitishamba, kama kuna mimba inaweza kukuumiza wewe na mtoto. Ukisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au kizunguzungu na damu inatoka, usingoje asubuhi, kimbia hospitali. Kama hakuna mimba, mzunguko wa siku 21 hadi 35 bado ni wa kawaida, na wengi wanarudi sawa mwezi unaofuata. Ikipita miezi 3 bila damu, muone daktari.

SWALI: Shangazi, mimi niko kwa vidonge vya uzazi wa mpango na naenda huko huko China. Nivinywe kwa saa ya huku au ya kule?

JIBU: Fuata ya huku dada, mwili unahesabu saa 24 tangu kidonge cha mwisho. Kama unakunywa saa tatu usiku Kampala, kule itakuwa saa nane usiku na utakuwa umelala, kwa hiyo kabla hujasafiri muulize nesi akuhamishie kwenye saa tatu asubuhi, kule inakuwa saa nane mchana, weka alamu kwenye simu basi. Kuwa makini zaidi kama ni vile vya homoni moja wanavyopewa kina mama wanaonyonyesha, kuna aina ambazo ukichelewa zaidi ya saa 3 kinga inapungua. Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza, meza kingine. Na pakiti weka kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye sanduku, sanduku likipotea njiani utakaa bila vidonge.