Nani akae benchi la ufundi la timu ya wanawake chuoni

Vyuo vingi vya Mtwara na Lindi vikitaka timu ya wanawake huanza kwa kutafuta kocha. Anapatikana mkufunzi anayependa mpira au mchezaji wa zamani wa ligi ya mkoa, anakabidhiwa filimbi na mipira mitatu, basi. Baada ya mwezi mtu huyohuyo ndiye kocha, meneja, mganga, mtunza jezi na msuluhishi wa ugomvi wa bwenini. Timu ikifungwa anaambiwa hajui mbinu. Mara nyingi mbinu hazina kosa: fomu ya usajili ilikosa picha, beki wa kati alicheza na goti lililovimba, na mazoezi yalianza saa kumi na moja kwa sababu hakuna aliyepanga koni.

Watu watano wanatosha: kocha mkuu, kocha msaidizi, kocha wa makipa, meneja na mtu wa huduma ya kwanza. Angalau wawili wawe wanawake, na mmoja wao awe na sauti katika kupanga kikosi. Desturi ya kumweka mama mmoja benchini abebe chupa za maji ili picha ionekane nzuri haisaidii mtu. Wakizidi watano tatizo linageuka: kila mwalimu anayekuja uwanjani anakuwa kocha, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Kila mmoja aandikiwe majukumu yake kwenye karatasi moja, isainiwe na ofisi ya michezo ya chuo kabla ya mazoezi ya kwanza.

Kocha mkuu anapanga wiki, anachagua kikosi na anajibu kwa matokeo. Leseni ya daraja D ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, ndiyo ya kuanzia. Asiye nayo afuatilie kozi kupitia chama cha soka cha mkoa. Lakini kwa timu ya chuo, sifa ya kwanza tunayoitazama ni kama anaweza kumfundisha mtu aliyeanza kucheza juzi. Katika kikosi kimoja utakuta binti aliyepitia UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, na mwingine ambaye hajawahi kuvaa njumu. Kocha anayewapigia wote kelele ileile atabaki na wachezaji kumi na watatu ifikapo muhula wa pili.

Muda ndio adui mkubwa. Huku kusini jua linazama mapema, na mwezi Juni na Julai giza linaanza kuingia kwenye saa kumi na mbili jioni. Vipindi vikiisha saa kumi, mna dirisha la saa moja na nusu hivi. Hapo ndipo kocha msaidizi anapohesabiwa. Awe uwanjani saa kumi kamili, ameshapima maeneo manne kwa koni, vizibao viko vya rangi mbili, mipira imejazwa. Saa kumi na robo kupasha misuli, saa kumi na dakika thelathini na tano pasi na umiliki wa mpira, saa kumi na moja mchezo wa timu mbili, saa kumi na moja na dakika arobaini mwisho. Wanaowahi swala ya Magharibi wanaondoka bila kuomba ruhusa kwa aibu. Mwezi wa Ramadhani punguzeni mazoezi hadi dakika 45 za kazi nyepesi, ziishe robo saa kabla ya futari. Mbio za kukata pumzi ziachwe kabisa.

Siku ya mechi msaidizi ana kalamu na daftari: nani amepoteza mpira mara nyingi, kona zao zinaangukia wapi, nani amechoka. Sheria inaruhusu mtu mmoja tu kwa wakati mmoja kutoa maelekezo kutoka eneo la ufundi. Wengine wakae. Tangu mwaka 2019 waamuzi wanaweza kuwaonyesha maofisa wa benchi kadi za njano na nyekundu, na mwamuzi asipomtambua aliyetukana, kadi inamwangukia kocha wa ngazi ya juu aliyepo hapo. Msaidizi mwenye mdomo anaweza kumtoa bosi wake nje bila bosi kusema neno.

Kocha wa makipa si lazima aje kila siku. Mara tatu kwa wiki, nusu saa kila mara, inatosha kwa makipa wawili au watatu. Ushauri wetu ni atafute makipa kwenye uwanja wa netiboli. Wachezaji wa netiboli wanajua kuusoma mpira wa juu na mikono yao haina woga. Kinachowashinda ni kuanguka. Afundishe kwa hatua: kwanza kuanguka ubavu akiwa amepiga magoti, kisha amechuchumaa, kisha amesimama, na mwisho akiruka. Akirushwa moja kwa moja kwenye hatua ya nne ataanguka kwa kiwiko, ataumia, na hatarudi golini.

Sasa magoti. Wanawake hupata majeraha ya kukatika kano ya ndani ya goti mara mbili au zaidi kuliko wanaume wanaocheza mchezo uleule, na mengi hutokea bila kuguswa na mtu: mchezaji anatua baada ya kuruka au anageuka ghafla, goti linaingia ndani. Dawa iliyopo ni mpango wa kupasha misuli wa FIFA 11+, wa dakika 20, wenye sehemu tatu: mbio za taratibu dakika 8, nguvu, mizani na kuruka dakika 10, kisha mbio za kasi dakika 2. Ufanywe angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima. Kinachoharibika ni sehemu ya pili. Makocha wanaikata kwa sababu inaonekana kama mchezo wa watoto, wanabaki na kuzunguka uwanja mara tatu na kuvutana miguu. Msaidizi asimame mbele ya wachezaji, si pembeni, aangalie kila anayetua: goti liwe juu ya kidole cha pili cha mguu, makalio yarudi nyuma kama anayekalia kigoda, kelele ya kutua iwe ndogo. Anayeingiza goti ndani arudie polepole, asiongezewe urefu wa kuruka.

Viwanja vya pwani vina kichanga, na kichanga kinachosha nyama za nyuma ya mguu haraka. Wiki ya kwanza baada ya likizo mazoezi yawe nusu ya kawaida. Ukienda Masasi au Nachingwea wakati wa kiangazi, ardhi ni ngumu na mpira unadunda juu. Asiye na njumu zenye meno mafupi avae raba.

Mtu wa huduma ya kwanza anaweza kuwa muuguzi wa zahanati ya chuo. Kwa mazoezi ya watu 22, tayarisheni madumu mawili ya lita 20 ya maji safi. Joto na unyevu wa Mtwara vinakausha mtu kabla hajasikia kiu. Chumvi za kuongeza maji mwilini ni pakiti moja kwa lita moja, kamwe isiwe nusu lita kwa kudhani itakuwa na nguvu zaidi. Kwenye mkoba: bandeji za kuviringisha nne, glovu, pamba na shashi, mkasi, plasta, kitambaa cha pembetatu, pedi pakiti mbili na bukta nyeusi ya akiba. Barafu ya dukani inafaa, ifungwe kwenye kitambaa, ikae dakika 15 hadi 20. Aliyeteguka asichuliwe siku hiyo. Kuchua jeraha bichi kunaongeza damu na uvimbe, ingawa kila uwanja una mtaalamu wake wa kuchua. Aliyegongwa kichwa na kuchanganyikiwa hata kidogo anatoka na harudi mchezoni siku ileile, hata kama ni fainali.

Hedhi izungumzwe na mwanamke wa benchi, faragha, na taarifa ibaki kwake. Kocha mkuu aambiwe tu kwamba fulani leo apunguziwe kazi. Anayetokwa na damu nyingi na kuchoka kila mara apelekwe kupima wingi wa damu. Mnunue bukta za rangi nyeusi au bluu. Timu ya taifa ya wanawake ya England yenyewe iliachana na bukta nyeupe mwaka 2023. Kilemba cha kichwa kimeruhusiwa tangu mwaka 2014. Kiwe cheusi au rangi kuu ya jezi, kisiungane na jezi, wala kisiwe na pini. Meneja akague kabla ya mwamuzi kukagua.

Meneja, kwa maoni yetu, ndiye wa pili kwa umuhimu. Fomu, picha, vitambulisho vya chuo, namba za wazazi, usafiri. Asome kanuni za kila mashindano upya, kwa kuwa idadi ya wanaobadilishwa inatofautiana. Mtwara hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 100. Kama mechi ni saa kumi, gari liondoke si zaidi ya saa nne asubuhi, chakula kizito kiishe muda wa saa tatu hadi nne kabla ya mchezo kuanza. Pia ndiye mlinzi wa mipaka. Kocha wa kiume haingii chumba cha kubadilishia mpaka aambiwe wote wamevaa. Ujumbe wa simu unapita kwenye kundi la timu ambamo meneja yumo, sio kwa mchezaji mmoja usiku. Kocha mwenye uhusiano na mchezaji anaondolewa, kwa sababu ndiye anayempanga na kumwacha, na wengine wote wanajua.

Mitihani ikikaribia benchi linatawanyika na wachezaji wa mwaka wa mwisho wanaondoka na siri za timu. Wiki mbili kabla, meneja akabidhi ofisini daftari la majeraha, orodha ya wanaobaki, jezi zilizohesabiwa na kufuliwa, na pampu pamoja na sindano zake. Sindano ilowekwe mate au maji kabla ya kuingizwa. Ikiingia kavu inachana valvu, na muhula ujao mtaanza na mipira isiyoshika upepo.