Kioo Kimeharibika Ndani ya Begi Bila Kuanguka

SWALI: Ndugu mshauri, kifaa changu cha kusomea vitabu vya kielektroniki kimeharibikia begini. Hakikuanguka, na kilikuwa ndani ya mfuko laini wa kitambaa, lakini nilipokiwasha nilikuta nusu ya kioo imeganda kwenye picha ya zamani na nusu nyingine imejaa mistari. Nikikipapasa, sigusi ufa wowote. Nimenunua kingine, nikibebeje?

JIBU: Pole sana. Ufa upo, ila uko ndani. Katika vifaa vingi vya aina hii, sehemu unayoigusa ni plastiki. Chini yake kuna tabaka la wino wa kielektroniki, yaani chembechembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa kwa umeme, na chini zaidi kuna bamba jembamba la kioo lililobeba saketi. Bamba hilo ndilo linalopasuka, huku plastiki ya juu ikibaki nzima. Na kwa kuwa wino huo hauhitaji umeme ili kudumisha kilichokwisha kuonyeshwa, sehemu iliyokatikiwa saketi hubaki na picha yake ya mwisho.

Adui wako mkubwa, basi, si mikwaruzo, bali ni kukandamizwa mahali pamoja na kupindwa: kichwa cha chaja, funguo au kizibo cha chupa, begi likishajaa na kuegemewa. Mfuko wa kitambaa huzuia vumbi lakini hupitisha mgandamizo wote, na protekta ya kubandika nayo ni hivyo hivyo. Tafuta kava lenye mfuniko mgumu upande wa kioo. Kabla ya kulinunua, shika mfuniko huo kwa mikono miwili ujaribu kuupinda. Ukipindika kirahisi, liache. Usifunge kalamu wala spika za masikioni kati ya mfuniko na kioo, maana hapo kava lenyewe ndilo litakalokandamiza.

Begini, kiweke peke yake katika mfuko wa ndani, au kati ya vitabu viwili vyenye jalada gumu, kioo kikielekea upande ulio bapa. Ukikitoa kwenye begi lililobana, kishike kingo zake, usikivute kwa kubonyeza kidole gumba katikati ya kioo. Mfuko wa nyuma wa suruali haukifai kabisa.

Kuhusu kile cha zamani, uliza gharama kabla ya kukipeleka kwa fundi, kwani kubadilisha kioo mara nyingi hukaribia bei ya kifaa kipya. Vitabu ulivyonunua vimo katika akaunti yako. Ingia kwa akaunti hiyo hiyo kwenye kifaa kipya, uvipakue upya.