Jibu: hoteli ya kifahari yenye sura ya kasri la Kiarabu

Ndugu, umeuliza kuba ngapi zinatosha ili hoteli yako ya kifahari ionekane kama kasri la Kiarabu. Ni kweli kwamba Emirates Palace ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2005, ina kuba 114, na rangi za kuta zake zimefuata mchanga wa jangwa. Hata hivyo, ningekushauri uziache kuba hadi mwisho, uanze na jua, upepo na sitara ya mgeni.

Nyumba nyingi za kale za Ghuba zilijengwa kuzunguka ua, na anayeingia hukata kona kwanza, ili aliye barabarani asiwaone waliomo. Tumia kanuni hiyo kwenye mapokezi. Dirisha la mashrabiya nalo, kwa vijiti vyake vya mbao vilivyokerezwa na kuunganishwa, hupitisha hewa, hupunguza ukali wa jua, na humwezesha aliye ndani kuona nje pasipo kuonekana. Ukilitengeneza kwa plastiki na kulibandika juu ya kioo kisichofunguka, umelinyima kazi yake ya kupitisha hewa, jambo ambalo hunisikitisha kila ninapoliona.

Karibu na mlango weka majlisi, yaani sebule ya wageni, yenye matakia ya chini, mgeni apokelewe kwa tende na kahawa ya iliki, mmiminaji akishika dalla, yaani birika la kahawa la Kiarabu, kwa mkono wa kushoto na kumkabidhi kikombe kwa wa kulia. Pima nafasi ya mwendo huo kabla hujachagua marumaru.