Donostia kwa baiskeli na kwa kijiti

Swali la wiki hii lilikuwa: "Ni mji upi wa ugenini ambao ungependa wenzako wauone, na wauzungukeje?" Jibu langu ni Donostia, mji wa Wabaski ulioko kaskazini mwa Hispania karibu na mpaka wa Ufaransa, ambao kwa Kihispania huitwa San Sebastián. Niliuzunguka kwa baiskeli ya kukodi, nikala nikiwa nimesimama kwenye kaunta za baa, kipande kimoja cha chakula hapa na kingine pale. Naamini kwa dhati kwamba katika mji ule mambo hayo mawili hayatenganiki, kwa kuwa baiskeli hukufikisha mitaa ambayo mgeni wa siku mbili hana sababu ya kuifikia kwa miguu, nacho kipande kimoja hakimshibishi mtu kiasi cha kumtia uvivu wa kuendelea na safari.

Njia ya baiskeli Wabaski huiita bidegorri, yaani njia nyekundu, ijapokuwa si zote zilizopakwa rangi hiyo. Nilianza asubuhi mtaa wa Gros, penye ufuo wa Zurriola ambako vijana huteleza juu ya mawimbi, nikavuka mto Urumea karibu na Kursaal, majengo mawili ya vioo ya msanifu Rafael Moneo yaliyofunguliwa mwaka 1999, kisha nikaifuata ghuba ya La Concha hadi mwisho wa ufuo wa Ondarreta. Huko nchi kavu inaishia kwenye miamba, na juu ya miamba hiyo mchongaji sanamu Eduardo Chillida, mzaliwa wa mji huohuo, alisimika vyuma vyake vitatu viitwavyo Kitana cha Upepo. Sakafu ya uwanja ulio mbele yake ina matundu, na wimbi likipiga chini, hewa hufoka kwa mvumo mzito. Nilisimama kando ya tundu moja, na koti langu likavimba kama tanga.

Kurudi sikupita ufukweni. Nilipitia handaki la Morlans, lililokuwa la reli zamani na ambalo sasa waendesha baiskeli hulitumia, lenye urefu wa mita zipatazo 850, ambamo unausikia mnyororo wako mwenyewe ukizunguka. Upande wa pili ni Amara, mtaa wa familia na shule, na hapo ndipo nilipokula kipande cha kwanza cha siku: kimanda nene cha viazi, ambacho katikati yai lilikuwa bado laini kama uji.

Vipande hivi ndivyo pintxo. Jina linatokana na kitendo cha kudunga kwa ncha, kwa sababu vingi hushikiliwa na kijiti, na mla mshikaki yeyote ataielewa mantiki hiyo bila kuelezwa. Wa kuanzia ni gilda: zeituni, samaki mdogo wa chumvi wa jamii ya dagaa, na pilipili nyembamba za kijani za achari. Husemekana kwamba uliitwa hivyo kwa heshima ya mhusika aliyeigizwa na Rita Hayworth katika filamu ya mwaka 1946, nao haugawanywi. Unauweka wote mdomoni, chumvi inatangulia, siki inafuata, na pilipili huja mwisho, taratibu, wala si kali kama zetu.

Mimi ni Mwislamu, na najua wasomaji wengi watajiuliza kama kuna chakula chao huko. Kipo, na ni kingi, kwa sababu mji unakula bahari: jodari, kaa, kamba, ngisi waliopikwa kwa wino wao. Lakini ni lazima uulize. Paja la nguruwe lililokaushwa hupenya hata kwenye vipande vinavyoonekana kuwa vya mboga, na baadhi ya michuzi hupikwa kwa mvinyo. Nilijifunza neno la Kibaski la paja hilo, urdaiazpikoa, na kila nilipouliza nilijibiwa kwa upole. Kinywaji nilikuwa nikiagiza mosto, maji ya zabibu yasiyo na kilevi, ambayo baa nyingi huwa nayo.

Mji Mkongwe wa Donostia ni wa miguu. Ifunge baiskeli nje, kwa maana jioni vichochoro hujaa watu. Jioni ya kwanza nilijaza sahani nzima katika baa moja, na vipande vilikuwa baridi na vikavu, kwani vilikaa kaunta tangu mchana. Kesho yake niliwatazama wenyeji, nikaona kwamba wengi hawagusi vilivyopangwa mbele yao, bali husoma ubao ulio ukutani, huagiza kimoja cha moto, hula, hulipa na kwenda baa inayofuata.

Niliwaiga katika mtaa wa 31 de Agosto, wenye jina la siku ya mwaka 1813 ambapo wanajeshi wa Uingereza na Ureno waliuteka mji kutoka kwa Wafaransa, wakaupora na kuuteketeza. Mtaa huo ni miongoni mwa sehemu chache zilizosalimika. Ndipo nilipopewa ngisi wangu wa mwisho, weusi tititi katika kisahani kidogo. Nilifuta mchuzi kwa mkate hadi sahani ikawa nyeupe, nikaenda kuifungua baiskeli, nikarudi Gros nikiusukuma usukani kwa mkono mmoja, huku mto ukijaa maji ya bahari chini ya daraja.